Forodhani Baada ya Utepe Kukatwa: Nani Analipa Mwaka wa Tano?

Tarehe 30 Julai 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Abeid Karume, na Mtukufu Aga Khan waliifungua upya Bustani ya Forodhani, iliyoko pwani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya kazi iliyochukua karibu mwaka mmoja na nusu. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulikuwa umetoa zaidi ya dola milioni 2 za Kimarekani. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, mitaro na mabomba yakashughulikiwa, taa zikawekwa, njia zikatandikwa mawe, watoto wakapata pahala pa kuchezea na wauza vyakula wakapangiwa eneo lao. Mji ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kila panapozungumzwa kutengeneza bustani nyengine Unguja au Pemba, Forodhani ndiyo inayotajwa. Tufanye kama Forodhani, watu husema. Mfano ni mzuri, lakini kinachofaa kuigwa hakionekani kwenye picha za siku ya ufunguzi, na baadhi ya mambo yake hayaigiki kabisa. Swali ninalolishikilia ni moja: bustani ikishafunguliwa, wageni wa heshima wakishaondoka, nani analipa katika mwaka wa tano?

Fedha inayokuja na sherehe

Historia ya kipande hiki cha pwani inajibu nusu ya swali. Kabla ya kuwa bustani, mbele ya Ngome Kongwe palikuwa pahala pa forodha na mizigo. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, ilianzia hapa karibu na Ngome na ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Shughuli za bandari zilipohamia mtaa wa Malindi hapohapo mjini, eneo likapata nafasi, na mwaka 1936 likafanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Haroub katika kiti chake. Likajengwa jukwaa la bendi. Mwaka 1956 likaongezwa tao jeupe upande wa bahari kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret wa Uingereza. Halafu, nusu karne baadaye, ndiyo ikaja kazi ya Aga Khan.

Jubilei, ziara ya binti wa kifalme, ufadhili. Kila mara fedha kubwa imekuja pamoja na tukio, na tukio lilipopita bustani ikarudi kuishi kwa kile ambacho halmashauri ya mji ingeweza kukipata baada ya kulipa mishahara na kuzoa taka. Ndiyo maana kufikia miaka ya 2000 majani yalikuwa yamekanyagwa hadi udongo, na ukuta wa bahari ulihitaji matengenezo makubwa. Hakuna mtu mmoja aliyeiharibu Forodhani. Iliharibika kwa sababu miaka ya katikati haikuwa na mwenyewe.

Hali hii ina mzizi wake katika namna tunavyopanga bajeti. Fedha za Serikali zina mafungu mawili: kazi za maendeleo na kazi za kawaida. Bustani huzaliwa kwenye fungu la maendeleo, ambako mfadhili anakaribishwa na jiwe la msingi linawekwa. Lakini bustani huishi kwenye fungu la kazi za kawaida, pamoja na balbu, mifagio, dizeli ya gari la taka na posho ya mlinzi wa usiku. Fungu hilo la pili ndilo la mwanzo kukatwa mwaka ukiwa mgumu. Na mfadhili kwa kawaida hapendi kulipia mishahara. Anataka kuhesabu kilichojengwa, afunge ripoti, aende kwenye mradi mwengine. Simlaumu, kwani huo ndio utaratibu wa kazi yake. Lakini anayepokea bustani lazima aujue utaratibu huo kabla ya kutia saini.

Chini ya majani

Jambo moja katika kazi ya 2008 na 2009 linastahili sifa ambayo halijapata. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya vitu ambavyo mtembezi havioni: ukuta wa bahari, mitaro, mabomba, nyaya za umeme. Pwani ya Forodhani hupigwa na maji ya bamvua, na mvua za masika hushuka kutoka mapaa ya Mji Mkongwe kutafuta njia ya kuingia baharini. Bustani ikipandwa juu ya mitaro mibovu, maji huichimba kutoka chini. Chumvi nayo haina huruma: chuma huota kutu, nati hukwama, taa ya bei nafuu hufa kabla ya miaka mitatu kwisha. Mwenye kupanga bustani ya pwani anayeanza na michoro ya maua badala ya mitaro amepanga kuijenga mara mbili.

La pili ni kwamba fedha ilipokuja, mpango ulikuwa tayari. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985. Mpango wa uhifadhi wa Mji Mkongwe ulitengenezwa mwaka 1994 kwa msaada wa Mfuko huohuo wa Aga Khan. Mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kwa hiyo mfadhili hakukuta kiwanja kitupu na maneno matupu. Alikuta mipaka, sheria, chombo cha kuzungumza nacho na hoja ya kwa nini pwani ile ibaki ya watu wote. Kutoka mpango hadi ufunguzi ni miaka 15. Wengi wetu tunataka bustani katika msimu mmoja wa bajeti, kisha tunashangaa wafadhili wanapokwenda kwa wenye michoro yao kabatini.

Hesabu ya meza za jioni

Tufike kwenye mapato. Jua likikaribia kuzama, vijana wa makachu wanakimbia na kujirusha baharini, watu wamejaa ukutani wakiwatazama, na nyuma yao meza zinapangwa. Mishkaki, pweza, ngisi, urojo, kachori, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile pizza ya Zanzibar inayokunjwa kwenye chuma cha moto. Mwezi wa Ramadhani meza hizi husubiri futari kisha huendelea hadi usiku. Kwa familia nyingi za mjini, kumpeleka mtoto Forodhani siku ya Sikukuu ni sehemu ya Sikukuu yenyewe.

Meza hizi ndiyo hazina ya bustani. Ni mapato ya kila usiku, hayategemei mfadhili, na yanatokana na bustani yenyewe: bila ya taa, usafi na usalama, mteja haji. Mwenye meza, kuliko mtu mwengine yeyote mjini, ana faida ya moja kwa moja taa ikiwaka. Kwa hiyo wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kwamba ada ya meza igharamie matunzo. Tulipime kwa hesabu ya mfano. Namba hizi nimezichagua mwenyewe ili kuonesha njia ya kufikiri, si takwimu za Manispaa.

Tuseme meza ni 60 na kila moja inalipa shilingi 2,000 kwa usiku. Hiyo ni shilingi 120,000. Tuseme tena kwamba kwa mwaka kuna usiku 300 wa biashara, kwa sababu masika hula siku nyingi. Tunapata shilingi milioni 36. Sasa upande wa pili: wafagiaji wanne, walinzi wanne kwa zamu, fundi mmoja wa umeme na bomba, na msimamizi. Watu kumi. Tuseme kila mmoja analipwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 42. Tayari tumepungukiwa milioni 6, na bado hatujalipa umeme, maji, miche wala gari la kupeleka taka Kibele. Ukuta wa bahari hatujauwekea hata senti.

Basi ada ipandishwe hadi 3,000? Mapato yanakuwa milioni 54, na baada ya mishahara zinabaki milioni 12. Nafuu, lakini mwenye meza ataongeza bei ya sahani. Mgeni wa hoteli hatoihisi. Atakayeihisi ni mama wa mtaa wa Kwahani aliyekuja na watoto watatu, na yeye ndiye hasa aliyefanyiwa bustani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema bustani ijilipie. Forodhani ina watalii, ina bahari, ina Beit al Ajaib na Ngome Kongwe kwa nyuma, ina biashara ya kila usiku. Na hata kwa mfano wangu huu inapungukiwa, au inajilipia kwa kumsukuma mwenyeji pembeni. Ikiwa tajiri wa bustani zetu ana shida hiyo, kuziambia zilizobaki zijilipie ni kuzihukumu kufa.

Hilo halina maana kwamba ada za meza hazina kazi. Zina kazi kubwa sana, kwa sharti kwamba zisizamishwe katika mfuko mkuu. Shilingi elfu mbili ya muuza pweza ikiingia kwenye kapu moja na leseni, kodi za majengo na maegesho, hairudi ikiwa taa ya Forodhani; inakwenda popote penye kelele zaidi mwezi huo. Bustani inahitaji akaunti yake, na karibu na meza uwepo ubao unaoeleza kwa Kiswahili chepesi: mwezi uliopita tulikusanya kiasi hiki, tulitengeneza hiki, kimebaki hiki. Mchuuzi anayeona balbu mpya juu ya meza yake hulipa ada bila ya kufukuzwa. Asiyeona kitu huanza kujificha na mkusanyaji, na hapo mapato hupungua hata kama ada imepandishwa.

Njia mbili nyengine, kwa ufupi

Hatua chache kutoka Forodhani, ukuta wa Mizingani na njia yake ya kutembelea pwani vilitengenezwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kupitia mradi wa huduma za miji uliozoeleka kwa jina la ZUSP, ulioidhinishwa mwaka 2011 kwa dola milioni 38. Mradi huo ulishughulikia pia mitaro, taa za barabarani na taka. Tofauti na Forodhani ni kwamba huu ni mkopo: mjukuu wa mtembezi wa leo ataulipia. Kwangu mimi mkopo wa miaka mingi unafaa kwa ukuta wa bahari, ambao utadumu miaka mingi. Haufai kwa mabenchi na maua.

Njia ya tatu ni ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uliojenga viwanja vya kufurahishia watoto Kariakoo, Unguja, na Tibirinzi, Chake Chake. Siku za Sikukuu viwanja hivi hujaa pomoni, na watoto wa Pemba, ambao mara nyingi husahauliwa katika mambo haya, walipata kitu chao. Lakini fedha ile ni ya pensheni za wafanyakazi na lazima irudi, kwa hiyo kuna kiingilio. Mtoto ambaye nyumbani hakuna fedha siku hiyo anabaki nje ya uzio akitazama mabembea. Ni huduma nzuri, na naiunga mkono. Isihesabiwe tu kuwa ni bustani ya umma, maana ikihesabiwa hivyo tutajidanganya kwamba mtaa tayari unayo.

Ng'ambo haina pweza wa kuuza

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Ni karibu watu laki tatu zaidi katika miaka kumi, na takriban wote wako nje ya Mji Mkongwe. Watoto hao wanacheza wapi? Viwanja vya Mnazi Mmoja na Maisara vinabeba mzigo mkubwa. Baina ya mabloki kumi ya Michenzani kuna nafasi zilizoachwa wazi tangu yalipojengwa. Zilizobaki ni viwanja vya skuli, maegesho na vichochoro.

Ng'ambo, yaani mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, si pahala pasipofikiriwa. Kuanzia 2013 Idara ya Mipango Miji na Vijiji, pamoja na washirika wake kutoka Uholanzi na UNESCO, iliendesha kazi ya Ng'ambo Tuitakayo, ambapo mitaa ilichorwa na wakaazi wakaulizwa wanautaka mji wa namna gani. Mwenye mpango wa bustani ana pa kuanzia.

Lakini akija na mchoro wa Forodhani, atashindwa. Kikwajuni au Kwahani haitapata meza 60 za watalii. Huwezi kuweka uwanda wa majani unaotaka maji kila siku katika mtaa ambao wakaazi wenyewe wanachota kwa ndoo. Bustani ya Ng'ambo lazima ichorwe kuanzia kwenye gharama ya mwaka wa tano kurudi nyuma. Kivuli kwanza: mikungu na mizambarau, ambayo ikishashika haidai mtu. Mabaraza ya saruji na mawe badala ya mabenchi ya chuma na mbao. Sakafu ya changarawe au mchanga ulioshindiliwa. Taa chache zenye nguvu mahali panapopitwa na kinamama na watoto wa madrasa baada ya Isha, badala ya taa nyingi za pambo. Bomba moja lenye mita. Nafasi ya muuza kahawa na meza ya bao, kwa sababu wazee wanaokaa hapo kila jioni ni ulinzi ambao hakuna Manispaa inayoweza kuulipia.

Na mtu mmoja anayelipwa. Hapa siafikiani na imani kwamba wananchi wenyewe wataitunza kwa kujitolea. Wananchi hufanya usafi wa pamoja vizuri sana siku moja ya mwezi, sheha, yaani kiongozi wa shehia yao, akihimiza. Siku 29 zilizobaki zinahitaji mtu mwenye ufunguo wa bomba, fagio na mshahara.

Mshahara huo utoke wapi? Pendekezo langu ni tozo ya miundombinu inayolipwa na wageni katika mahoteli. Sehemu ndogo yake, iliyotajwa kwa asilimia katika bajeti, iwekwe kwa ajili ya bustani zisizo na mapato, na igawanywe kwa idadi ya watu wa shehia badala ya umaarufu wa pahala. Mgeni anayelala Nungwi anahudumiwa na vijana waliokulia mitaa ya Amani na Jang'ombe. Si jambo la ajabu usiku wake mmoja uchangie kivuli cha wadogo zao. Pemba nayo ihesabiwe humo, ingawa wageni wake ni wachache.

Kabla ya hata hilo, kuna hatua ya bei nafuu ambayo haisubiri mfadhili. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma kwa sheria, lakini kiwanja kilicho wazi kwenye ramani ya zamani huliwa kidogo kidogo: leo kibanda, kesho gereji, keshokutwa msingi wa nyumba yenye barua kutoka kwa mtu fulani. Eneo lipimwe, bikoni za kuonesha mipaka ziwekwe, lisajiliwe kwa jina la halmashauri kama eneo la mapumziko, na nakala ya ramani ibandikwe ofisini kwa sheha ambako kila mtu anaweza kuiona. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014 imezipa halmashauri nafasi ya kupanga na kusimamia mambo ya namna hii.

Kalenda mbili zisizopatana

Nimalizie na jambo la utekelezaji ambalo limeua miche mingi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Masika ni Machi hadi Mei. Fungu la miti likiidhinishwa Juni na fedha ikatoka Agosti au Septemba, masika yameshapita. Miche inapandwa wakati wa vuli, Oktoba au Novemba, inapata mvua chache, kisha inaingia kiangazi cha Januari na Februari bila ya mizizi ya kutosha na bila ya mtu wa kuimwagilia. Mwaka wa pili mkaguzi anakuta vijiti.

Dawa yake si ngumu. Fungu la mwaka wa kwanza likalipie vipimo, bikoni, mitaro, bomba na mashimo ya miti yaliyotiwa samadi. Miche iagizwe mapema ikuzwe kitaluni hadi ifike kimo cha magoti, na fedha yake itengwe kwa robo ya tatu ya mwaka wa fedha, ili ipandwe mwishoni mwa Machi mvua zikianza kutulia ardhini. Mlinzi wa bustani aajiriwe mwezi huohuo wa kupanda, asisubiri siku ya ufunguzi. Na utepe, kwa wanaoutaka, ukatwe masika ya pili, miti ikishaonekana kwamba imeshika.